Pipa la Mama Domitille

Siku ya kwanza tulipoonana, Domitille alinigombeza. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na tatu, nimefundisha darasa la nne hapa Nyakasanza, mtaa wa Bunia, miaka ishirini na sita, na sijazoea mtu kunipigia kelele mbele ya lango langu mwenyewe. Nilikuwa nimeinama juu ya mfereji wa barabarani, ndoo ya rangi mkononi, namwaga. Mafundi walikuwa wamemaliza kupaka nyumba yangu kwa ajili ya Noeli, na robo ndoo ilibaki. Rangi sikuitaka tena. Nilichotaka ni ndoo.

Mtu asiye wa Bunia hatanielewa upesi, kwa hiyo nieleze. Hapa kwetu ndoo ya rangi, ile ya plastiki nyeupe yenye mkono wa waya, ni chombo cha heshima. Inawekwa maji ya kunywa, unga, mandro ya kuuza, ile pombe yetu ya nafaka, hata nguo za mtoto mchanga. Mfuniko wake unabana kweli, panya hapenyi. Mafundi wakiondoka, wanawake wa nyumba wanaanza kugombania ndoo kabla ukuta haujakauka, na rangi iliyobaki ndani inaonekana ni uchafu tu unaotuchelewesha. Tunaimwaga mferejini, tunakwenda kusugua ndoo kwa mchanga pale chemchemini, basi. Nimefanya hivyo tangu niolewe, na sikuwahi kuona kosa.

"Weye mama! Uko unamwanga nini pale?"

Niliinua kichwa. Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya kiume, mikono imejaa madoa ya rangi mpaka kwenye viwiko, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na kunitazama kana kwamba ameshika mwizi.

"Ni rangi," nikasema. "Inakuhusu nini weye?"

"Ule mufereji unaenda wapi?"

Nilijua unakokwenda. Unashuka nyuma ya kanisa, unapinda kwenye migomba, halafu unapita hatua chache tu juu ya chemchemi yetu, pale avenyu nzima tunapochota maji bomba likikauka. Na bomba letu, asante, hukauka karibu kila siku.

"Mama muzima sawa weye, unakunywesha batu rangi," akasema. "Simamisha ile ndoo."

Nikaisimamisha. Mpaka leo sielewi kwa nini nilimtii, mimi niliyezoea kutiiwa. Akavuka barabara, akaichukua mkononi mwangu, akasema rangi ni yake, ndoo ni yangu, kesho nitaiona. Kesho yake ndoo ikarudi, safi, hata harufu haikuwamo. Wiki mbili baadaye alikuwa mpangaji wangu.

Domitille alizaliwa Bambu, kule kwenye machimbo ya dhahabu. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka nyumba za wakubwa wa mgodi, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, alimfundisha binti. Alimfundisha kwa ukali: rangi ikimwagika chini, binti hali jioni. Baadaye Domitille aliolewa na mkulima, akalima mihogo na maharage, akapaka nyumba za watu kila alipoitwa. Kijiji chao kilichomwa mara mbili. Mara ya pili mume wake hakutoka. Hilo alinieleza siku moja tu, akiwa anachuja rangi, na hakuinua macho. Nami sikuuliza tena.

Mimi ni wa watu wa ng'ombe, watu waliokaa huku tangu babu wa babu zetu. Watu wa kwao na watu wa kwetu wamezika wengi mno miaka hii, kila upande una makaburi yake na hesabu yake. Nilipompa chumba cha uani, dada yangu alinipigia simu kutoka Marabo kuniuliza kama nimerukwa na akili. Nilimkatia simu. Nasema hivi nisije nikaonekana shujaa mapema, maana yanayofuata hayanipendezi hata mimi.

Uani kwangu akaweka pipa, nusu pipa la chuma lililokatwa kwa msumeno, akalifunika kwa bati na jiwe. Kila nyumba iliyopakwa Nyakasanza, yeye alipita nyuma ya mafundi kuomba mabaki. Rangi za maji zote zilikwenda pipani: nyeupe, kijani, bluu, krimu, zozote. Kwanza alizichuja kwa kipande cha chandarua kutoa magamba. Kisha alisuuza ndoo kwa maji kidogo, na maji hayo machafu nayo akayatia pipani, yaende kulainisha rangi nzito. Ndipo mwenye ndoo alipopata ndoo yake. Tone moja halikwenda chini. Rangi za mafuta hakuzichanganya na hizo hata siku moja. Zilikaa kwenye makopo yake rafuni, za milango na madirisha ya chuma, na petroli ya kuoshea brashi aliiacha itulie chupani mpaka uchafu ushuke, akaitumia tena ile safi ya juu. Iliyooza, ile inayonuka kama yai bovu, aliichanganya na unga wa mbao kutoka kwa seremala, akaianika juani mpaka ikawa tonge gumu, halafu akaitupa pamoja na takataka kavu.

Mimi nilikuwa nacheka. "Unapika?" nilimwuliza. Naye akanijibu kwamba ndiyo, na chakula chake hakiharishi mtu.

Kilichotoka pipani kilikuwa rangi isiyo na jina. Si kijivu, si kahawia, inafanana na uji wa mtama uliolala. Watoto wa avenyu waliiita rangi ya Domitille, na walipotaka kumtania mwenzao mwenye shati lililofifia walimwambia amevaa Domitille. Yeye hakujali. Alipaka nayo vyoo, jiko la kanisa, kuta za udongo za watu waliokimbia kama yeye, kwa malipo ya sabuni au debe la makaa. Ukipita leo huku kwetu utaiona kila mahali. Ni mbaya, lakini haibanduki.

Shefu wa avenyu yetu anaitwa Blanchard. Ni mtu wa maneno laini, ana muhuri wake kwenye mfuko wa shati, na hukumbuka nani hakuja kumsalimia kwenye msiba. Mwanzoni mwa Januari, Domitille akiwa ameshakaa kwangu miaka miwili, shefu alipokea mahari ya binti yake Ornella. Tulialikwa wote. Wali, nyama ya mbuzi, mandro, vinywaji vya chupa, na salon, yaani sebule, iliyopakwa upya kwa heshima ya wakwe, rangi ya rozi, pinki kali mpaka macho yanauma. Tulikula tukasifu ukuta. Mimi nilisifu mara mbili.

Alhamisi iliyofuata, mvua isiyo ya msimu ikiwa imenyesha usiku kucha, Rébecca anayeuza mandro alikwenda chemchemini mapema. Akarudi anakimbia bila ndoo. Tukashuka tukaona. Beseni la saruji ambamo maji hutulia lilikuwa la rozi mpaka chini, na maji yalikuwa yanazunguka polepole. Kwenye mchanga wa pembeni, chini ya migomba ambako mvua haikufika sana, ilionekana miviringo ya vitako vya ndoo, mmoja, miwili, mitatu, mahali mtu aliposugulia.

Kila mmoja wetu alikuwa amekaa kwenye ile sebule, na kila mmoja alitazama miguu yake.

Halafu mtu nyuma akasema "sumu". Hapa Ituri hilo si neno la kuchezea. Nimeona watu wakifa kwa neno dogo kuliko hilo. Blanchard mwenyewe alifika, akatazama maji, akatikisa kichwa kwa huzuni, akauliza kwa sauti yake laini: ndani ya avenyu hii, nani anayekaa na rangi nyumbani kila siku? Vichwa vyote vikageuka kuelekea kwangu.

Jioni hiyo alikuja langoni. Hakuketi.

"Mama Hélène, ule mupangaji yako atoke kabla ya salongo ya samedi. Batu banakasirika. Miye siwezi kuchunga kila mutu."

Salongo ni kazi ya pamoja, kila Jumamosi asubuhi tunasafisha mifereji, wote, na majembe mkononi. Nilielewa maana ya majembe.

Basi Ijumaa, vendredi kama tunavyosema huku, nilikwenda chumbani kwake. Alikuwa anakaza mfuniko wa kopo. Nikamwambia atoke. Naandika wazi hivyo hivyo: nilimwambia atoke.

"Weye unaamini ni miye?" akauliza.

"Hapana."

"Unajua ni nani?"

Nikatazama makopo rafuni.

"Unajua," akasema. "Batu bote banajua. Balikula wali ndani ya ile rozi."

"Domitille, utoke siku kidogo tu. Mambo ikitulia, utarudi."

Akaweka kopo chini. "Miye nilikimbia mara mbili, Mwalimu. Mara ya kwanza balikuwa na mapanga. Mara ya pili balikuwa na bunduki. Huyu Blanchard iko na nini? Iko na muhuri. Siwezi kukimbia muhuri."

Nilitoka nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, ndiyo, kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikuwa na hofu, na ukiwa na hofu unamchukia mwenye haki kuliko mwenye kosa.

Saa kumi alasiri mke wa Blanchard, Mama Viviane, akaja na habari njema. Hivyo ndivyo alivyoziita. Shefu amefikiri. Domitille aseme tu mbele ya watu kwamba watoto walichezea pipa lake, rangi ikamwagika, aombe msamaha, yaishe. Atabaki, hakuna atakayemgusa. Niliruka kwa furaha. Nilikwenda mbio uani kumsihi. Nilimwambia ni maneno mawili matatu tu, midomo haiungui.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na diploma yangu, sikuwa nimelifikiria.

"Nikisema ni pipa yangu, kesho mutoto ya Rébecca akihara, ni nani? Ni miye. Mwezi ujao muzee akikufa na tumbo, ni nani? Miye. Banataka nishike ile kosa sawa kitambulisho, nitembee nayo. Na bao batamwanga tena, kwa sababu haiko mutu alibaambia hapana."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siombi pardon ya kitu sikufanya. Ende umuambie."

Sikwenda kumwambia. Nilikwenda kulala, na sikulala.

Jumamosi saa moja tulikuwa wote kwenye mfereji, juu ya chemchemi. Majembe, mafagio, mapanga ya kukatia majani. Blanchard alikuwa amevaa kofia yake ya kazi, ana orodha mkononi. Domitille hakuwapo na nilimshukuru Mungu, nikidhani ameondoka alfajiri. Kisha nikasikia chuma kikiburuzwa juu ya mawe.

Alikuwa analivuta pipa. Amelifunga kwa kamba kiunoni mwake, amelikalisha juu ya kipande cha bati, analiteremsha barabarani peke yake, hatua moja, pumzi, hatua moja. Hakuna aliyemsaidia. Mimi pia sikumsaidia. Alipofika katikati yetu akajifungua kamba, akainua bati, akachovya mti wa kukorogea, akauinua juu mbele ya watu. Uji wa mtama ukachuruzika ukarudi pipani.

"Angalieni," akasema. "Hii njo rangi yangu. Kila mutu hapa anaijua, muliichekelea myaka mbili. Miye nachanganya byote. Kama nyeupe inaingia humu, inakufa. Bluu inaingia, inakufa. Kama miye nilimwanga, maji ingekuwa sawa huu uji. Mutu anionyeshe rozi humu ndani. Anionyeshe hata kidogo, na nitatoka sasa hivi na miguu yangu."

Mzee mmoja alisogea akachungulia. Rébecca akachungulia. Mtu akaguna.

"Kwako iko makopo ingine," Blanchard akasema.

"Ile ni ya mafuta. Mafuta haichanganyike na maji, inaelea juu peke yake. Ile ya ku chemchemi ilichanganyika mpaka chini, muliiona bote. Ni ya maji, ya ndoo mupya." Akamgeukia. "Shefu, weye ulipakisha salon yako rangi gani?"

Kilichofuata nakikumbuka kwa aibu. Watu arobaini, wote tumekula nyama ya mbuzi ndani ya ile nyumba, na hakuna aliyekumbuka ukuta. Mmoja alianza kukwangua jembe lake. Mwingine akatazama mawingu. Blanchard alitabasamu kidogo, akafungua orodha yake.

"Ni mutu ya kukimbia anauliza shefu maswali," akasema kwa upole. "Mama Hélène, ulimupatia musaada, asante. Sasa umuambie njia."

Hapo ndipo kitu kiliponipanda kifuani. Si ushujaa. Ni hasira ya kuambiwa nimwonyeshe mtu njia nje ya kiwanja changu, na kuambiwa kwa sauti laini hivyo, mbele ya watu niliofundisha watoto wao kusoma.

"Ni rozi," nikasema. Nikarudia kwa nguvu. "Salon yako ni rozi, Blanchard. Nilikula mule. Nilisifu ule ukuta mara mbili, weye mwenyewe ulinijibu asante. Rébecca alikuwa upande yangu ya kuume. Rébecca, ukuta ulikuwa rangi gani?"

Nilimtazama kama nilivyokuwa nawatazama watoto wanaojua jibu na hawataki kuinua mkono.

"Rozi," akasema.

"Na ile kiwanja ni yangu," nikaendelea, maana nilikuwa nimeshafunguka na sikujua kufunga. "Miye njo nilipatia Domitille chumba, na haiko mutu mwingine atamutoa. Kama batu banataka kukuja na majembe, bakuje muchana, nitabafungulia lango, nilibafundisha karibu bote, ninajua majina yao."

Mtu alicheka nyuma, kicheko kifupi, akajizuia. Lakini kilikuwa kimeshatoka. Mzee aliyechungulia pipa akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kweli, hata yeye alikaa karibu na ukuta ule. Mwingine akasema vitako vya ndoo vilikuwa vitatu, na kwa shefu ndoo mpya zipo tatu, zimeanikwa juu ya uzio tangu Jumatano. Blanchard akasema salongo imekwisha kwa leo. Akaondoka na orodha yake. Hakukiri, na mpaka leo hajakiri, na nikimsalimia ananijibu kama mtu anayehesabu.

Tulibaki tukakausha beseni kwa ndoo na vitambaa, tukatoa tope lote la rozi. Domitille hakuruhusu limwagwe. Alilichanganya na unga wa mbao, akalianika juu ya mabati ya kanisa, na wanaume waliokuja na mapanga ndio waliopanda kulitandaza.

Jumatatu mke wa Blanchard alikuja na ndoo mbili nyingine kwenye toroli, rangi ya rozi ikiwa bado imejaa nusu. Hakusema samahani, alisema tu, "Nilisikia unapokeaka." Domitille alimwonyesha pipa na chandarua, akamwambia achuje mwenyewe, asuuze mwenyewe. Mama Viviane, na bubu lake, lile gauni pana la hariri, alichuja. Alipomaliza akaondoka na ndoo zake zikiwa safi, na rozi ikabaki juu ndani ya pipa, haijakorogwa bado.

Tukabaki wawili uani. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Jumamosi. Nilitaka kumwambia kwamba niliogopa, kwamba mtu akizeeka anaogopa zaidi, kwamba mwishowe nilisema. Nilifika kwenye neno "mwishowe" akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwalimu. Samedi ulisema kweli mbele ya batu. Ile niliiona." Alikuwa anafunga kitenge chake upya juu ya suruali. "Vendredi uliniambia nitoke. Ile nayo niliiona."

Akanipa mti. Nikaanza kukoroga.